Bonde la Mto Soča: Kuipanga Safari ya Milimani pamoja na Aila



Wapendwa wasomaji, likizo inapokaribia aila nyingi za pwani hufikiria Umra, Dubai au Unguja. Sisi, aila tatu zenye mabinti na watoto, tunapanga kwenda bonde la mto Soča, kaskazini-magharibi mwa Slovenia, katika milima ya Alpi. Tunawaandikia kabla ya kuondoka kwa sababu tumeambiwa mara nyingi kwamba mito ya Ulaya si mahali pa mwanamke mwenye staha. Tumelipima neno hilo, na tumeona kwamba linalomzuia mwanamke si mlima, bali ni safari isiyopangwa.

Soča una urefu wa kilomita 138. Huchimbuka chini ya majabali ya Trenta, katika Hifadhi ya Taifa ya Triglav, hupita Bovec na Kobarid, kisha huingia Italia, ambako huitwa Isonzo, na kumwaga maji yake katika bahari ya Adria. Maji yake ni ya rangi ya zumaridi, tena maangavu. Iko njia ya miguu iufuatayo mto, yenye madaraja ya kuning'inia, na yako maporomoko ya Boka, yenye kimo cha zaidi ya mita 100. Barabara itokayo Kranjska Gora hupanda mpaka Vršič, mita 1,611 juu ya bahari, kwa kona 24. Mwenye mtoto anayetapika garini na achukue tangawizi.

Wala bonde hili si geni kwa Waislamu. Kati ya mwaka 1915 na 1917, majeshi ya Italia na ya dola ya Austria na Hungaria yalipigana mara 12 kandokando ya Soča. Miongoni mwa askari wa dola hiyo walikuwamo Waislamu wa Bosnia, na mwaka 1916 ulijengwa kwa ajili yao msikiti wenye mnara katika kijiji cha Log pod Mangartom, karibu na Bovec. Baada ya vita msikiti ulitoweka, na haukupatikana mwingine wenye mnara nchini humo hadi ulipofunguliwa ule wa Ljubljana mwaka 2020. Makaburi ya askari yamebaki, pamoja na sanamu ya askari wawili, mmoja wao kavaa tarbushi. Siku yetu ya kwanza tutawazuru ndugu hao na kuwaombea dua. Mabinti zetu walipoisikia habari hii, hawakuuliza tena, "Sisi tutafanya nini huko?"

Sasa tuje kwenye mipango. Viza ni ya Schengen. Mtu mzima hulipa yuro 90, na ada hairudishwi ombi likikataliwa. Kwa hivyo tusilipie nyumba yote kabla ya kupata jibu. Bima ya safari ni sharti, isiyopungua yuro 30,000, na ni vyema kuhakikisha kwamba inagusa pia michezo ya mtoni na milimani. Tumechagua nyumba yenye jiko ili tupike wenyewe. Bizari na iliki tutachukua, lakini nyama na samli tutaziacha nyumbani, kwani Umoja wa Ulaya hauruhusu msafiri kuingia na nyama wala vitokanavyo na maziwa.

Kibla, ambacho kwetu ni kaskazini, kule ni kusini-mashariki. Mwezi wa Julai jua huchwa karibu na saa tatu usiku, na Isha huingia usiku mkubwa. Msafiri ameruhusiwa kukusanya na kupunguza sala. Ila katika madhehebu yetu ya Shafi, anayenuia kukaa mahali pamoja siku nne kamili, bila ya kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, huondokewa na ruhusa hiyo. Tumemuuliza mwalimu wetu mapema, na siku tumezipanga kwa kufuata jibu lake.

Limebaki la mto wenyewe. Watu hushuka Soča kwa mashua za mpira, pamoja na kiongozi, helmeti na jaketi la kujiokolea. Buibui na mtandio mrefu haviingii humo, kwani nguo pana hunasa kwenye mawe. Tumekubaliana kuvaa vazi zima la mpira, juu yake koti fupi lisilobana, na hijabu ya kuogelea chini ya helmeti. Mashua ya wanawake itakuwa mbali na ya wanaume. Asiyeridhika na hayo atatembea njia ya miguu pamoja na wadogo, na hatapungukiwa na kitu.

Sisi tuliolelewa na bahari tumezoea maji kujaa na kupwa kwa saa zake. Mto wa milimani hauna saa: mvua ya vileleni huujaza ghafla, hali bondeni jua linawaka, na baridi yake humkata pumzi hata mwogeleaji hodari. Kwa hivyo neno la kiongozi ndilo la mwisho. Akisema leo hapana, ni hapana, hata kama fedha zimekwisha kulipwa.

Kutawakali huja baada ya kumfunga ngamia. Tunamwomba Mola atujaalie safari ya salama, na nanyi awafungulie njia ya kuitazama ardhi Yake. Wabillahi tawfiq.