Chenga na Sauti

Chenga ni punje za mchele zilizovunjika. Televisheni zilipoingia majumbani, neno hilo likapanda hadi kwenye kioo: picha ikijaa vidoadoa, tunasema inaonyesha chenga. Mpishi huzipepeta chenga akazitenga. Mimi nilijifunza upepetaji mwingine kwa lehemu.

Marehemu kaka yangu alikuwa baharia. Safari moja alirudi Unguja na Famicom, mashine ya michezo ambayo Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983, pamoja na televisheni ndogo ya huko huko. Kidhibiti cha mchezaji wa pili kina kipaza sauti. Ukisema, sauti yako hutokea kwenye televisheni. Sisi tuligombea kucheza. Yeye alikishika hicho cha pili, akaghani mashairi yake, nasi tukaitikia kipokeo.

Televisheni ile ilikufa, na mpya haikuitambua mashine. Famicom ya asili hupandisha picha na sauti juu ya mawimbi ya redio, mithili ya kituo kidogo cha matangazo, kisha televisheni huzishusha tena. Katika kupanda na kushuka huko ndiko chenga huzaliwa.

Dawa yake ni kuichota picha kabla haijapanda. Nikaunyanyua mguu wa 21 wa chipu ya picha, nikauunganisha na transista moja, rezista na kapasita ya mikrofaradi 220. Picha ikatakata. Ilibaki michirizi hafifu ya wima, maradhi yanayojulikana ya mashine hii. Nilipousogeza waya mbali na nyaya nyingine, ikapungua.

Kwenye sauti mkono ulisita. Sauti safi zaidi hupatikana kwenye miguu ya 1 na 2 ya CPU. Lakini kipaza sauti hujiunga na sauti za mchezo mbele ya hapo. Kuchota kwenye CPU kungenipa muziki usio na doa, na kidhibiti cha kaka kingekuwa bubu. Nikachota mbali zaidi, pale sauti zote zinapoingia katika kisanduku cha mawimbi. Nikakubali mvumo kidogo.

Tangu hapo nasahihisha mashairi ya watu kwa woga mwema. Famicom yenyewe ina njia tano za sauti, na moja kati yake hutoa kelele tupu. Hiyo ndiyo hupiga ngoma. Atakayeifuta akidhani ni kasoro atakuwa ameua mdundo. Nasi tukikuta mizani imezidi katika daftari la kale, tuulize kwanza: hii ni chenga ya mnakili, au ni pumzi ya mtunzi?

Jioni ile mtoto wa kaka alikishika kidhibiti cha pili. Akaghani ubeti wa babake, kwa mvumo wake. Tukaitikia.