Mjomba wa Ng'ambo ya Lwakhakha

Nilipokuwa mtoto, mahindi ya baba karibu na Kitale yalivunwa na watu wasio na kipande. Kila msimu wa mavuno walikuja vijana kutoka Uganda, wengine kupitia Suam, wengine kupitia Lwakhakha upande wa Bungoma, wakivuka mto mahali pasipo na askari. Mizigo yao ilikuwa panga na blanketi.

Mmoja wao tulimwita Mjomba. Mama, mzaliwa wa Chwele, alimwuliza ukoo wake siku ya kwanza, wakakuta ni ule ule. Msomaji asishangae. Wabukusu wa Bungoma na Wagisu wa Mbale ni ndugu. Hata vijana wao hutahiriwa miaka ile ile ya shufwa. Tena hadi mwaka wa 1902 sehemu zetu hizi zilihesabiwa kuwa Uganda. Mwingereza ndiye aliyeusogeza mpaka.

Undugu huo haukumzuia baba kumlipa nusu ya ujira wa kibarua wa hapa. "Atanishtaki wapi?" alikuwa akisema, akicheka. Naye kibarua wa kijijini akija kuomba kazi, aliambiwa aichukue nusu hiyo hiyo au aende zake. Basi majirani wakawachukia Waganda. Ng'ombe akipotea, ni Mganda. Kuku akipotea, ni Mganda. Sikumsikia hata mmoja akimlaumu baba.

Sisemi kwamba kuvuka kwa siri hakuna madhara. Wazee wa Bungoma wanaikumbuka Chepkube. Baridi kali iliua mikahawa ya Brazil mwaka wa 1975, bei ya kahawa ikapanda dunia nzima, na kahawa ya Uganda ikaanza kuvushwa usiku kwa vichwa na kwa punda. Watu walitajirika kwa msimu mmoja. Uganda ya Idi Amin ilipoteza fedha za kigeni, lakini faida ilikuwa yetu, na nadhani ndiyo sababu wengi wetu hatukuona uhalifu wowote.

Siku hizi mambo yamelegea. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, na tangu 2014 Mkenya na Mganda huvuka kwa kitambulisho tu. Hata hivyo, juzi nikiwa Kitale nilimwuliza kibarua mmoja kutoka ng'ambo analipwa kiasi gani. Alitazama kushoto na kulia kabla ya kunijibu.

Nikamkumbuka Mjomba. Desemba 1987 majeshi ya Kenya na Uganda yalirushiana risasi huko Busia. Wiki hiyo askari walifika kijijini kwetu. Walipita mashamba matatu yenye vibarua kama yeye, wakaja moja kwa moja hadi ghalani, wakamkuta akipukuchua mahindi. Alikuwa akidai ujira wa miezi miwili, ambao baba alisema angemlipa mahindi yakiuzwa.

Mama alimsihi baba apeleke fedha hizo kituoni. Baba akasema atakwenda kesho. Kesho yake akasema vivyo hivyo. Mahindi yakauzwa, na baba akanunua baiskeli.

Mama hakumwuliza askari walijuaje. Alianza kuuza maziwa, akiweka senti zake katika mkebe wa majani ya chai. Agosti 1988, vijana walipokuwa wakicheza njuga kwa ajili ya tohara, alijifunga kanga, akapanda matatu hadi Bungoma na kuendelea hadi Lwakhakha, akavuka mto kwa njia ya panya bila karatasi yoyote, kama Mjomba alivyovuka kuja kwetu.

Alirudi siku ya tatu, miguu imevimba. Nyumbani kwao Mjomba alikuwa hajafika. Mama aliurudisha mkebe juu ya kabati. Baba alipoziomba fedha hizo ili anunue mbolea, alimjibu kwamba zina mwenyewe.