Dambo, Matope na Difu: Safari ya Pande za Kolwezi

Atokaye Likasi kwenda Kolwezi hupita barabara ya lami, tena barabara iliyojaa malori. Hayo ndiyo yachukuayo shaba na kobalti mpaka Kasumbalesa na mbele yake, na kurudi na salfa, chokaa na vyuma vya mashine. Mgeni akiketi kando ya njia hiyo asubuhi moja tu, atadhani kwamba nchi nzima ya Lualaba imekwisha kutandikwa lami. Lakini na aiache barabara kuu, aingie njia ya vijijini upande wa Mutshatsha, hasa mwezi wa Januari au Februari. Hapo ndipo atakapoijua nchi yetu.

Kolwezi si mji wa kale. Ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, uwe makao ya migodi ya upande wa magharibi. Mwaka 1967 migodi ikatwaliwa na serikali, ikawa mali ya shirika lililokuja kuitwa Gécamines, na siku hizi makampuni ya mataifa mengi yanachimba. Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, Kolwezi ukawa mji mkuu wa mkoa wa Lualaba. Ukisimama mahali palipoinuka utaona vilima ambavyo babu zetu hawakuvijua: ni udongo uliotolewa mashimoni, mwingine mwekundu, mwingine wa kijivu, na penginepo una rangi ya kijani ya mawe ya shaba.

Mji uko juu ya uwanda wa Manika, zaidi ya meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Mvua huanza mwezi wa Oktoba au Novemba, ikaendelea mpaka Aprili. Ardhi yake si ya namna moja. Kuna udongo mwekundu, ambao ukikauka huwa mgumu kama tofali, na ukilowa huteleza kama sabuni. Kuna mchanga wa Kalahari, mwepesi na mzito wa kuvuka, ulioletwa na upepo zamani za kale sana. Na katikati ya miinuko yako mabonde ya majani yasiyo na miti, tunayoyaita dambo. Juu utaona majani mazuri, chini yake ni maji. Motokaa nyingi zimelala usiku katika dambo, na wenyewe wakalala ndani yake.

Mwezi wa Februari mwaka mmoja, nami nikiwa katibu wa kamati ya zahanati ya kijiji, mama mmoja alishikwa na uchungu tangu alfajiri. Mchana mkunga akasema kwamba kazi ile imemshinda, mama afikishwe hospitali ya Kolwezi kabla ya usiku. Motokaa yetu ilikuwa Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1984 na ambayo kila fundi wa migodini anaijua. Ilivutwa na magurudumu yote manne, na matairi yake yalikuwa bado yana meno. Hatukuwa na hofu.

Katika dambo la tatu gurudumu la nyuma la kushoto likaingia katika mfereji. Dereva akatia gia ya nguvu, akakanyaga mafuta. Gurudumu lile likazunguka likirusha matope mpaka juu ya turubai. La kuume, lililokuwa juu ya ardhi nzuri kabisa, halikutikisika. Mbele nako ikawa vivyo hivyo: moja likizunguka, moja likitazama. Mama mkwe wa mgonjwa, aliyeketi nyuma akimshika, akauliza, “Papa, mbona mguu mmoja unakimbia na mwingine umelala?”

Dereva akamjibu, “Mama, ndivyo ilivyotengenezwa.”

Tulichimba, tukakata matawi, tukaweka mawe. Saa nne zikapita. Tulifika hospitali usiku wa manane. Mama alipona, mtoto hakupona. Daktari hakutulaumu, wala hakusema kama saa zile nne zingalibadili neno. Lakini swali la yule mama mzee lilinifuata hata nyumbani, kwa maana lilikuwa ni swali la haki.

Jibu lake ni hili. Motokaa ikipinda kona, gurudumu la nje lina njia ndefu kuliko la ndani. Kama yote mawili yangefungwa juu ya chuma kimoja, moja lingelazimika kuburuta. Kwa hiyo katikati ya ekseli kuna kifuko cha mviringo chenye meno ya chuma, ambacho mafundi hukiita difu. Hicho huliacha gurudumu moja liende upesi na jingine polepole. Mfaransa mmoja mtengeneza saa, Onésiphore Pecqueur, ndiye aliyekiandikisha kwa ajili ya gari la mvuke mwaka 1827, nasi tunakitumia mpaka leo.

Nanyi wanafunzi, fikirini kamba iliyopita juu ya kapi, na watu wawili wameshika ncha zake. Kapi ikiinuliwa, kila mmoja huvutwa kwa nguvu sawasawa na mwenzake. Lakini mmoja akiiachia ncha yake, kamba yote hukimbilia upande ule, na mwenzake hubaki ameshika kamba isiyo na nguvu. Difu ni kapi ile. Gurudumu lililo katika matope ni mtu aliyeachia. Nguvu ya injini haikosi, ila hugawanywa sawasawa, na nusu ya kitu kisicho na kitu ni bure. Kuifunga difu ni kama kuifunga kamba ile isiteleze juu ya kapi: hapo magurudumu mawili huzunguka pamoja, na lile lililo pakavu husukuma.

Baada ya mavuno kamati ikauza mahindi, tukapata fedha za kutosha kitu kimoja tu. Nikaenda Kolwezi na dereva kuchagua. Nilidhani ni kazi ya nusu saa, kumbe siku mbili hazikutosha.

Karakana ya kwanza walituonyesha difu yenye visahani vinavyosuguana ndani, ipunguzayo kuteleza bila kujifunga kabisa. Ni ya bei ndogo, nayo hufaa kwa njia yenye utelezi kidogo. Lakini gurudumu likiwa hewani haisaidii sana, na visahani huisha kama vile vya klachi. Tukaiacha.

Ya pili ilikuwa ile inayojifunga yenyewe. Haina swichi wala waya, chuma kitupu. Mwenye duka aliisifu sana, na sifa zake nyingi zilikuwa za kweli, kwa maana kitu kisicho na waya hakina waya wa kukatika. Ila katika kona hupiga kelele na kula matairi, na juu ya utelezi mwekundu ulioinama upande mmoja inaweza kujifunga ghafula, matako ya motokaa yakateremka mferejini. Dereva wetu, aliyeendesha njia hizi tangu ujana wake, akasema, “Sitaki kitu kinachoamua bila mimi.” Nikaona ana haki. Yeye ndiye aonaye njia.

Zikabaki mbili, zote za kufungwa na kufunguliwa na dereva. Moja hutumia hewa, kama ile ya kampuni ya ARB ya Australia: kompresa ndogo husukuma hewa kwa mrija mpaka ndani ya difu, ikafunga mara moja. Huingia katika ekseli uliyo nayo. Udhaifu wake ni mrija na vipete vya mpira. Kimoja kikipasuka, hewa hutoka na difu haifungi. Ya pili ni ile ya umeme ya Toyota yenyewe, ambayo mota yake ndogo hukaa juu ya ekseli. Hiyo haipendi maji kuingia katika plagi, na isipotumiwa muda mrefu hushikwa na kutu.

Sitawacheka watakaochagua hewa. Pengine kwa motokaa mpya ningechagua hewa mimi pia. Lakini sisi tuliuliza swali jingine: ikiharibika mwezi wa Januari, nani ataitengeneza, na kipuri kitatoka wapi? Kolwezi imejaa Land Cruiser za migodini, na zilizokufa huuzwa vipande vipande. Fundi wetu alikuwa amekwisha fungua zile za umeme nyingi. Za hewa alikuwa ameona mbili. Basi tukanunua ekseli nzima ya nyuma yenye loki ya umeme.

Kabla ya kulipa, fundi alifanya jambo ambalo kila mnunuzi yampasa alidai. Aliweka alama za chaki, akafunga loki, akazungusha magurudumu mara moja, akahesabu shafti inazunguka mara ngapi. Zaidi kidogo ya nne. Gurudumu kubwa la meno lilikuwa na meno 37, dogo 9, yaani 4.11, sawa na ekseli yetu ya mbele. Zisipolingana, mbele na nyuma hushindana hata chuma kivunjike. Loki ya mbele hatukuinunua. Motokaa ikipanda mlima na mzigo, uzito hurudi nyuma, kwa hiyo nyuma ndiko kwa kuanzia; tena loki ya mbele hufanya usukani kuwa mzito mno.

Na mtu asidanganyike. Tumbo la motokaa likikaa juu ya matope, loki huzungusha magurudumu mawili bure badala ya moja. Sepetu ingali nyuma ya kiti, na mbao mbili pia.

Novemba iliyofuata tulipita tena dambo la tatu, tumechukua masanduku ya dawa. Dereva alisimama kabla ya maji, si ndani yake. Akashuka, akatembea kwa miguu mpaka ng'ambo akipima kina kwa fimbo. Akarudi, akatia gia ya nguvu, akageuza swichi. Taa ikawa inapepesa. Akasogea kidogo, taa ikatulia. Tukaingia mwendo wa mtu atembeaye. Gurudumu la kushoto likazama katika mfereji ule ule. La kuume likasukuma, tukatoka.

Ng'ambo, penye ardhi ngumu, akaizima swichi upesi, maana kukata kona pakavu hali difu imefungwa huvunja shafti. Taa ikabaki inawaka. Akarudi nyuma hatua mbili, akageuza usukani huku na huku, ikazimika. Tangu siku hiyo kila Jumamosi, hata kiangazi, huipeleka motokaa mchangani nyuma ya zahanati, akafunga na kufungua mara tatu ili mota isishike kutu, kisha hufungua plagi na kuipangusa kwa kitambaa.