Panya wa Chumba cha Nne

Gitaa la umeme lisipochomekwa waya halisikiki mbali. Mwili wake ni ubao mzito, hauna tundu wala tumbo la kukuza mlio kama gitaa la kawaida. Kazi ya kulipa sauti inafanywa na sumaku zilizopangwa chini ya nyuzi, zikiwa zimezungushiwa waya mwembamba wa shaba mizunguko maelfu kwa maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo sana unazaliwa ndani ya ule waya. Kanuni hiyo Michael Faraday aliionyesha mwaka 1831, miaka mia moja hivi kabla ya gitaa la umeme kuingia madukani. Umeme unasafiri hadi kwenye amplifaya, na amplifaya ndiyo inayopiga kelele. Mpiga gitaa la umeme, basi, ana bahati ambayo mpiga tarumbeta hana: anaweza kufanya kazi yake yote bila jirani kujua.

Mimi nililinunua langu kwa sababu hiyo hasa. Nimepanga chumba Magomeni, Dar es Salaam, katika nyumba ambayo kila aliyekulia mjini anaijua ramani yake: korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na uani kwa nyuma kuna jiko, bomba na choo. Kuta za vyumba zinapanda hadi usawa wa kenchi na kuishia hapo. Juu yake kuna uwazi mmoja chini ya bati, unaopita nyumba nzima. Silingi bodi ipo kwenye vyumba viwili tu, na changu si kimojawapo. Mtu akipiga chafya chumba cha kwanza, wa chumba cha sita anamwambia afya. Katika nyumba kama hii, ushauri wa kutundika godoro au mapazia mazito ukutani haukusaidii kitu. Unaziba ukuta wakati sauti inapita juu.

Mimi niko chumba cha nne. Cha tano, tunachogawana ukuta, anakaa mzee ambaye ni mlinzi. Anaingia lindoni saa kumi na mbili jioni, anatoka saa kumi na mbili asubuhi, na akishakunywa chai analala mpaka alasiri. Mlango unaotazamana na wangu ni wa Mama Salma, muuza vitumbua. Yeye saa mbili usiku keshalala, na saa tisa usiku yuko uani anawasha mkaa. Chumba cha pili kuna mtoto mchanga, ambaye ratiba yake anaijua mwenyewe. Siku moja nilizipanga saa zao zote kwenye karatasi, nikitafuta nafasi yangu. Nikaona kwamba katika saa ishirini na nne za nyumba yetu hakuna hata moja ambayo watu wote wako macho. Kila saa kuna mtu amelala, na kila aliyelala ana sababu.

Sababu ya mzee nilikuwa naijua kabla sijawaza kununua gitaa. Tulikuwa uani Jumapili moja, mimi nafua, yeye anapiga pasi sare yake. Nikamuuliza anawezaje kulala mchana na joto lote lile la bati.

“Binti yangu,” akasema, “kwa mlinzi, usingizi ni sehemu ya kazi. Usipolala mchana utalala usiku. Msimamizi akikukuta umesinzia, mara ya kwanza unapewa barua. Mara ya pili unarudisha sare.”

Akageuza shati upande wa pili. “Mimi barua moja ninayo.”

Hakuwa ananionya. Alikuwa anajibu swali. Lakini nilipoleta gitaa nyumbani, miezi michache baadaye, jambo la kwanza nililofikiria lilikuwa ile barua.

Wanamuziki wa dansi waliotutangulia hawakuwa na tatizo hili, au walikuwa nalo kwa namna nyingine. Bendi kubwa za zamani zilikuwa na wenyewe. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, iliyoanza mwaka 1978, ikaja kuwa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, ndiyo maana ikaitwa DDC. Katika bendi za namna hiyo vyombo vilikuwa mali ya bendi. Mpiga solo alikwenda mazoezini mchana kama karani anavyokwenda ofisini, akashika gitaa la kazi, akalipiga pamoja na wenzake ukumbini, akaliacha hapo. Ninapojifunza solo za Mbaraka Mwinshehe kwa kusikiliza rekodi zake na Morogoro Jazz, najua nasikia mkono uliokomaa katikati ya watu, wa ridhim upande huu, wa besi upande ule. Siku hizi gitaa mtu anajinunulia mwenyewe, kwa malipo ya awamu, na kulipeleka chumbani kwake. Gitaa limehamia chumbani. Ukumbi haukuja nalo.

Wiki za mwanzo nilipiga bila kuchomeka kitu. Kwa kujifunza vidole vipite wapi, inatosha. Ubaya wake ni kwamba mkono wa kulia, kwa kutaka kusikia unachofanya, unaanza kugonga nyuzi kwa nguvu zaidi ya inavyotakiwa. Ubaya wa pili umejificha. Kupiga gitaa la umeme ni pamoja na kuzinyamazisha nyuzi ambazo huzipigi, kwa kiganja na kwa vidole vilivyobaki. Bila umeme, uzi uliousahau unatikisika kimya kimya, nawe unajiona hodari. Siku ukichomeka, kila ulichokisahau kinazungumza.

Kwa hiyo nikanunua kile kiamplifaya kidogo kinachochomekwa moja kwa moja kwenye gitaa, ukubwa wake kama kiberiti, kinachajiwa kama simu. Hata umeme ukikatika kinaendelea. Hedifoni nikachagua za waya, kwa sababu zile zisizo na waya huchelewesha sauti. Kwa anayesikiliza wimbo hilo halina madhara, ila kwa anayepiga, kidole kinatangulia na sikio linafuata nyuma, na hakuna mdundo unaoweza kusimama juu ya pengo hilo. Nikajifunza pia habari ya mguu. Mpigaji akikolea anagonga sakafu kwa unyayo bila kujijua, na yeye ndiye pekee asiyesikia, maana masikio yameshafunikwa. Nikawa naweka mto chini ya mguu. Nilipomaliza hayo yote nikaamini kwamba nimetoweka.

Wiki ya tatu Mama Salma akaweka mtego wa panya koridoni.

“Kuna panya humu,” akaniambia. “Tena huyu ana adabu zake. Anatafuna mara nne, anapumzika. Anatafuna mara nne, anapumzika.”

Nikamwambia, “Mama, huyo panya ni mimi.”

Ilikuwa piki yangu, kile kipande cha plastiki cha kupigia nyuzi, ikisikika juu ya ukuta katika utulivu wa usiku. Mama Salma alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Halafu akauliza swali ambalo nimeishi nalo tangu siku hiyo: “Sasa mwanangu, mbona wimbo wenyewe hauishi? Unarudi palepale.”

Hapo ndipo nilipoelewa kitu kuhusu kelele. Nyumba yetu si ya kimya. Kuna redio uani tangu alfajiri, kuna gari la matangazo, kuna singeli ya bodaboda anayesubiri abiria, kuna kigodoro mtaa wa pili mara kwa mara. Watu wanalalamika kidogo, kisha wanageukia upande mwingine na kulala. Wimbo ukiwa mzima, hata ukiwa na sauti kubwa, sikio linajua unaelekea wapi na utaisha lini. Mazoezi hayana mwisho. Ni sentensi ileile inayokatikia katikati, inaanza upya, inakatikia palepale. Anayesikia hata kwa mbali anajikuta anasubiri mwisho wake, na anayesubiri halali. Kinachomkosesha jirani usingizi si ukubwa wa sauti peke yake. Ni kule kutokamilika.

Na mimi pia, kusema kweli, hicho ndicho nilichokuwa nakificha. Barua ya mzee ilikuwa sababu ya kweli. Lakini chini yake kulikuwa na sababu nyingine, kwamba hedifoni zinaficha kutojua. Ndani yake unakosea bila shahidi. Mtu anaweza kukaa humo miaka.

Nilitolewa humo na bendi moja ya harusi ya Kinondoni iliyokuwa inatafuta mpiga solo wa pili. Walinipa nafasi ya majaribio. Siku ya kwanza nikachomeka kwenye amplifaya yao kubwa, ngoma nyuma yangu, besi kushoto, nikapiga vipande nilivyovijua vizuri kuliko jina langu. Kiongozi akasimamisha wimbo.

“Dada,” akasema, “unapiga kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.”

Wenzake wakacheka. Ningemwelezaje habari za chumba cha pili?

Alikuwa sahihi, na mengine aliyoyasikia yana maelezo yake. Harvey Fletcher na Wilden Munson walichapisha mwaka 1933 vipimo vilivyoonyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, sikio la binadamu hupoteza zaidi zile za chini kabisa na za juu kabisa. Nyumbani, kwa sauti ya mnong'ono, nilikuwa nimeongeza besi ili gitaa lipate unene. Ukumbini unene uleule ukawa tope, ukamfunika mpiga besi. Kisha kuna jambo ambalo hakuna kifaa cha masikioni kinachoweza kulifundisha. Spika ikiwa karibu na ina nguvu, hewa yake inarudi kuzitikisa nyuzi. Noti inakataa kufa. Gitaa linaanza kukujibu, na kama hujui kulishika linapiga yowe. Gitaa la umeme ni vyombo viwili, ubao wenye nyuzi na spika, na mimi kwa miezi yote ile nilikuwa nimejifunza nusu yake. Kiongozi akanipa mwezi mmoja.

Mazoezi yao ni mara moja kwa wiki, na mwezi una wiki nne. Nilihitaji spika nyumbani. Nilikuwa nimesoma kila mbinu ya kuificha sauti, ila ile ya kuiombea nafasi sikuwahi kuijaribu. Nikaanza na chumba cha tano.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, binti.”

Nikamweleza yote, mpaka yule mtoto wa kuogopwa. Alifikiri kidogo. “Jumamosi usiku ni zamu yangu ya kupumzika,” akasema. “Nalala kama watu wengine. Jumapili mchana sina usingizi wa kuibiwa. Piga Jumapili.”

Mama Salma hakuwa na pingamizi. “Bora nisikie huyo panya anasema nini.” Mama wa mtoto aliweka sharti: mwanawe akiwa amelala, atagonga mlango mara tatu nami nitazima, bila maswali. Mama mwenye nyumba akaongeza la kwake: ukitokea msiba mtaani, hakuna gitaa mpaka matanga yaanuliwe. Ramadhani tutazungumza upya. Hakuna aliyeandika popote, na hakuna aliyesahau. Jumapili, saa kumi hadi saa kumi na moja alasiri.

Jumapili ya kwanza niliazima amplifaya ndogo, nikaiweka juu ya kiti, nikafungua mlango kabisa, kwa kuwa kuufunga kusingebadilisha kitu. Nikapiga kile kipande cha mara nne, nikakikosea, nikakirudia. Watoto wawili wa nyumba ya jirani wakaja kuuliza kama kuna sherehe, wakaona hakuna keki, wakaondoka. Uani nilisikia pasi ya mkaa ikiwekwa chini, ikainuliwa. Nilikosea mbele ya nyumba nzima kwa saa moja. Dakika ya arobaini, noti moja ikashika, ikakaa hewani muda mrefu kuliko nilivyotegemea, ikaanza kupanda, nami nikaibana kwa kiganja kabla haijawa yowe. Hicho kitu kimoja ndicho nilichopata siku hiyo. Hedifoni zisingenipa.

Niko kwenye bendi mpaka sasa, kwa majaribio yaliyoongezwa mara mbili. Jumapili mbili kati ya hizo mlango uligongwa mara tatu, nikazima. Jumapili moja kulikuwa na msiba nyumba ya tatu, tukaenda wote kukaa na wafiwa. Siku nyingine sita bado mimi ni panya: kiberiti changu, waya wangu, mto chini ya mguu, na piki nimebadilisha, natumia laini zaidi. Nilikuwa naona siku hizo sita kama kifungo. Siku hizi naziona kama upande wangu wa makubaliano, maana upande wa pili kuna mtu anayevaa sare saa kumi na moja jioni na kwenda kukesha kwenye geti la watu wengine.

Nimemuuliza mzee juzi, kwa kuzunguka, kuhusu kazini. Barua bado ni moja.