Nshomile aliyekosa maneno

Nimepotea kweli, mnisamehe. Niko Muleba kwenye BTP, wiki ya nne sasa, nafundisha Jografia na Kiswahili, na mtandao wa ninapokaa unakuja ukijisikia. Leo Jumamosi nimepanda Hiace mpaka Bukoba mjini, nimekaa karibu na ziwa, simu ina chaji, basi tupige stori.

Wengi mmekuwa mkiniuliza: ule muhula mmoja Leipzig, uliwezaje kuongea Kijerumani? Nilikuwa nakwepa kujibu maana ukweli wenyewe una aibu. Ila Jumatano kuna kitu kimetokea darasani, nimeona bora niseme yote.

Mnajua tunavyotaniwa sisi Wahaya. Nshomile, yaani "nimesoma", na eti hatujui kukaa kimya. Siku naondoka bibi alinikumbusha kwamba hata Askofu Kibira alisoma kwa Wajerumani. Kwa msiomjua, Josiah Kibira ni mtu wa kwetu Bukoba, alisoma Bethel, na mwaka 1977 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani. Kwa hiyo mjukuu nikapanda ndege na mzigo huo kichwani, pamoja na cheti cha A2 nilichopata Goethe-Institut pale Dar.

Siku ya tatu nikaingia duka la mikate. Sentensi nilikuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima. Nikaitoa vizuri kabisa! Yule mama akanijibu kwa swali ambalo kwenye kitabu halikuwepo. Nikatabasamu. Akarudia. Nikatabasamu tena. Akahamia Kiingereza. Kumbe alikuwa anauliza tu kama nataka mfuko. Tangu siku hiyo nikawa nanunua supamaketi, maana kule unaweza kulipa na kuondoka bila kufungua mdomo.

Halafu ikaja ya profesa. Aliniambia tuonane halb drei. Halb ni nusu, drei ni tatu, nikapiga hesabu: saa tatu yao na nusu, yaani saa tisa na nusu alasiri kwetu. Nikafika nimechana nywele. Kumbe kwao hiyo ni nusu ya kuelekea saa tatu, yaani saa nane na nusu. Nimechelewa saa nzima, na wa kumuuliza "umesema saa ngapi?" nilikuwepo, mdomo ninao, ila niliona aibu kuuliza.

Hiyo aibu naijua ilikotoka. Kidato cha kwanza, somo la Jografia, nilisimama kusoma nikalitamka neno "island" kama lilivyoandikwa, izilandi. Mtoto wa wilaya yenye visiwa chungu nzima ziwani! Darasa likaangua kicheko, mwalimu naye akacheka. Jina likanigandia mpaka kidato cha nne: Izilandi. Tangu hapo nikajifunza kwamba usiposema, hukosei. Kwenye mitihani ya kuandika nilikuwa nafaulu vizuri tu. Kuongea, hapana.

Aliyenitoa huko ni dada mmoja anayesoma Kiswahili pale chuoni Leipzig. Tulifanya tandem, yaani mnabadilishana lugha: saa moja Kijerumani, saa moja Kiswahili. Jamani, yule dada alikuwa anakosea! "Kitabu yangu mazuri." "Mtoto kinalia." Anakosea, namrekebisha, anasema ahaa, anaendelea kama hakuna kilichotokea. Mimi nikikosea der na das natokwa jasho. Siku moja akaniuliza kwa nini kila baada ya sentensi nasema Entschuldigung, samahani. Nilikuwa hata sijui kama nasema hivyo.

Tukakubaliana mambo mawili. Asinirekebishe mpaka nimalize, na nikikwama asikimbilie Kiingereza. Na mimi dukani niwe naomba: bitte auf Deutsch, ich übe, tafadhali kwa Kijerumani, najifunza. Niliporudi kwa yule mama wa mikate nikaisema, akaanza kuongea polepole. Hakuna aliyekufa.

Ila siku niliyoongea hasa ilikuwa Novemba. Mama alinitumia picha ya senene. Wenzangu jikoni hosteli wakaiona, wakauliza ni nini. Nikaanza kueleza: wanavyofuata taa usiku, mabati yanavyosimamishwa wagonge waangukie kwenye mapipa, tunavyonyofoa mabawa na miguu, wanavyokaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Der, die, das nilizimwaga kama mchele. Robo saa nzima! Nilipomaliza ndiyo nikashtuka kwamba nilikuwa naongea Kijerumani. Nilikuwa na la kusema, na pale jikoni hakuna aliyelijua zaidi yangu.

Sasa Jumatano. Kidato cha pili, mmomonyoko wa udongo. Wanafunzi wangu nyumbani wanaongea Kihaya, shule ya msingi wamesoma kwa Kiswahili, na kuanzia kidato cha kwanza masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye hajawahi kunyoosha mkono, akanyoosha. Akaanza vizuri, katikati akakwama, akamalizia kwa Kihaya. Na jibu lilikuwa sahihi! Darasa likacheka. Na mimi nikacheka.

Akakaa. Kipindi kizima hakuinua uso. Usiku sikulala vizuri wadau. Izilandi mwenyewe, na chaki mkononi.

Alhamisi niliwasimulia habari ya mfuko wa mikate, wakanicheka mpaka machozi. Kisha nikawapanga wawiliwawili: dakika mbili kila mmoja, aeleze kwa Kiingereza kitu cha kwao, kahawa, migomba, dagaa, na mwenzake asimrekebishe mpaka amalize. Darasa likawa kelele kama soko. Yule kijana aliongea na jirani yake, kwa sauti ya chini. Nilipopita karibu akanyamaza.

Nikiwa kwenye Hiace leo ndiyo nimegundua kwamba darasani nilicheka mbele ya watu wote, lakini samahani sijaisema popote. Jumatatu naanza na hiyo, kabla ya mmomonyoko. Nimebakiza wiki nne.

Ni hayo tu kwa leo, gari la kurudi Muleba linaita abiria. Mnaokwenda BTP mwakani, angalieni mnavyocheka.