Namba za Kambi Yetu Nani Anazisoma?

Ukisema hapa Kakuma kwamba unataka kuwa mchambuzi wa fedha na uwekezaji, watu watacheka kwanza, halafu watakuuliza: fedha ipi? Udaktari wanauelewa. Ualimu wanauelewa, na ukalimani kwenye mashirika ndiyo kabisa. Lakini mtu wa kukaa na kusoma hesabu za kampuni, aseme hii inafaa kuwekewa pesa na ile tuiache, hiyo wanaona ni kazi ya watu wa Nairobi wenye tai.

Katika kikundi chetu tuko wanne tulioshikilia hiyo ndoto, na tunataka kueleza kwa nini sisi hatuoni kama ni kichekesho.

Mwaka 2018 IFC, lile tawi la Benki ya Dunia linaloshughulika na biashara binafsi, lilitoa ripoti juu ya Kakuma kama soko. Kambi na mji pamoja, walihesabu maduka zaidi ya 2,000 na matumizi ya kama dola milioni 56 kwa mwaka. Sisi tumezoea kuhesabiwa kama vichwa: kadi fulani, familia ya watu sita, mgao kiasi fulani. Kumbe kuna hesabu nyingine, na ndani yake yule muuza unga wa pale kona si mnufaika, ni mfanyabiashara. Tuliisoma kwa furaha kweli. Ila ripoti yenyewe iliandikwa na watu waliokuja wakaondoka. Namba ni zetu, aliyesema zina maana gani ni mgeni.

Na si kwamba hesabu hatuijui. Wazazi wetu walitoka Kongo na likelemba kichwani. Hapa tukakuta Wakenya wanaita chama, tukaingia. Chama chetu cha kuweka na kukopa kina watu 22, na sisi wanne ndio tunashika daftari. Mwaka jana mama mmoja aliomba mkopo wa shilingi 30,000 anunue friza, auze soda na maji baridi. Si unajua joto la Turkana. Wanachama wote wakapiga makofi: huyu mama ni mwaminifu, apewe!

Tukaomba wiki moja kwanza. Tulikaa naye tukaandika. Faida kwa chupa moja ni shilingi 8. Akiuza chupa 40 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, anapata 8,320. Stima ya yule mwenye jenereta ni 3,500. Mkopo na riba yake ni 33,000 kwa miezi kumi, yaani 3,300 kila mwezi. Anabaki na 1,520. Karatasi inapendeza.

Halafu tukamuuliza: wateja wako ni nani? Akataja majirani. Majirani pesa wanatoa wapi? Hapo kikao kilinyamaza. Kila jina alilolitaja, pesa yake inaanzia kwenye mgao. Mwaka 2015 sehemu ya chakula cha WFP ilianza kuja kwa simu, Bamba Chakula, na maduka mengi yakawa yanaishi kwa hiyo pesa, hata yasiyopokea vocha yenyewe, kwa sababu mwenye chakula ndiye anabaki na shilingi mbili za soda. Ukiangalia vizuri, kambi nzima ina tajiri mmoja. Akipunguza mkono, wote tunapunguziwa siku hiyohiyo. Sote tuliona 2025 mgao ulipokatwa, maduka mangapi yalifunga milango.

Basi tukageuza swali. Tukaacha kuuliza kama mama ni mwaminifu, tukauliza ni chupa ngapi zinamwokoa. Jibu: 33 kwa siku, hapo analipa stima na mkopo tu, mkono mtupu. Mwezi mbaya akiuza 20, anapata 4,160, akilipa stima anabaki na 660, na sisi tunamdai 3,300. Mkopo ule ungemgombanisha na majirani zake. Tukatafuta friza ndogo ya mkono wa pili, 18,000, stima yake 2,500. Kwa riba ileile analipa 1,980 kwa mwezi, na chupa 22 zinamtosha. Hata mwezi mbaya wa chupa 20 anapungukiwa shilingi 320 tu, hizo anaziziba kwa mandazi. Akakubali, ingawa siku ile hakutufurahia hata kidogo.

Hii ndiyo kazi yenyewe. Anayechambua benki pale Nairobi anauliza maswali hayohayo: pesa inatoka wapi, ikikatika nini kitatokea, na inahitaji kiasi gani ili isianguke. Yake ina sifuri nyingi zaidi.

Tena kuna jambo ambalo vijana wa Kongo hatulitazami. Benki za Kenya zimeingia kwetu. Equity iliunganisha benki zake kule ikawa EquityBCDC mwaka 2020. KCB ilinunua hisa nyingi za TMB ya Lubumbashi mwaka 2022, mwaka uleule Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sasa fikiria: mchambuzi anayesoma Kifaransa bila kutafsiriwa, anayejua Goma na Bukavu, anayeongea Kiswahili cha kule na cha huku. Wako wangapi kwenye ofisi za Nairobi? Sisi tumejaa hapa, tumepanga foleni ya maji.

Njia ni ngumu, hatutadanganyana. Kenya kuna CIFA ya kasneb. Ukianza ngazi ile ya kitaaluma wanataka wastani wa C+ wa sekondari, na mwenye diplome ya Kongo lazima karatasi yake ilinganishwe kwanza. CFA ya kimataifa ina ngazi tatu, wenyewe wanashauri kama saa 300 za kusoma kwa kila ngazi, na mlangoni kwa mtihani wanataka pasipoti. Mkimbizi anaelewa uzito wa neno hilo. Baadaye kuna kibali cha kutoka kambini, kuna kibali cha kazi cha Class M. Kila karatasi ina dirisha lake na foleni yake. Mmoja wetu ametumwa dirisha hili na lile tangu Januari, na bado anaambiwa arudi.

Ninyi wa mashirika mnaotusoma, mafunzo ya cherehani, saluni na sabuni tunayashukuru, yamelisha nyumba nyingi. Lakini kwenye ile fomu ya kuchagua kozi, hatujaona hata moja ya kusoma mizania. Na mkimaliza kutuuliza maswali ya utafiti, turudishieni namba, si picha tu. Tutazisoma.

Ripoti za kampuni zilizo kwenye soko la hisa la Nairobi ni bure, zinapakuliwa kwa simu. Tulianza na ya Safaricom kwa sababu M-PESA kila mtu anaijua, tukachukua wiki tatu kuelewa kwa nini kampuni inaweza kuwa na faida na bado ikakopa. Mama wa soda amefika awamu ya saba. Jumamosi hii, saa tisa mchana, tunafungua kurasa za Kongo kwenye ripoti ya Equity. Ukija, beba daftari, na simu iwe na chaji, maana stima yetu mnaijua.