Kingston, mji ambako dredi za mtoto zilifika mahakamani

Wageni wengi wanaofika Kingston, Jamaica, huenda Trench Town kuona nyumba za uani alikoishi Bob Marley akiwa kijana. Siku hizi ni makumbusho. Mwaka 1965, kwenye jalada la albamu ya The Wailing Wailers, yeye na wenzake wana suti na nywele fupi. Dredi zilikuja baadaye, pamoja na imani. (Nasema dredi, si zile rasta za kusukia saluni.)

Imani hiyo ina lugha yake, na mwanao anaisikia kila anapovaa hedifoni. Rasta hasemi "mimi", husema "I and I", mimi na mimi, kwa kuwa Mungu yumo ndani ya kila mtu. Chakula kisicho na nyama, mara nyingi hata chumvi, ni "ital". Serikali, polisi na wanyonyaji wote ni "Babylon".

Jina hilo halikuja bure. Aprili 1963, baada ya vurugu za Coral Gardens karibu na Montego Bay, polisi waliwakamata Marasta, wakawapiga na kuwanyoa kwa nguvu. Serikali iliomba radhi mwaka 2017.

Mwaka uliofuata, shule moja ya msingi jirani na Kingston ilimtaka binti wa miaka 5 akatwe dredi ndipo aanze masomo. Sababu: usafi na chawa. Alisoma kwa amri ya muda ya mahakama. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema haki zake hazikuvunjwa; Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo mwaka 2024. Nairobi, kesi kama hiyo ya binti wa sekondari iliamuliwa kwa faida yake mwaka 2019.

Kama mwandishi wa afya, hoja ya chawa ndiyo inayonikera. Chawa huhama kichwa kinapogusana na kichwa, na hawachagui nywele safi au chafu. Dredi huoshwa kama nywele nyingine, ila zikaushwe hadi ndani, maana unyevu huleta harufu na fangasi. Zikisokotwa kwa kubana sana, nywele za pembeni mwa uso hukatika. Mtoto akilalamika kichwa kinauma baada ya kusokotwa, legeza siku hiyohiyo.